Karani wa Mabuu

Tunje, ndugu yangu wa ziwa moja,
nasikia jana umetia tena vyeti kwenye bahasha ya khaki,
ukavaa lile shati la Idi,
ukasimama getini mwa bandari hadi jua likakukaanga utosi,
na mlinzi akakwambia neno lile lile: Acha namba.

Namba umeacha miaka mitatu.
Sasa niazime sikio.

Saa zile za foleni yako mimi nilikuwa Kongowea,
nyuma ya soko, pale malori yanapotema
nyanya zilizopondeka njiani.
Niliokota maembe ngowe yanayolia maji,
kabichi zilizochacha, mapapai yaliyoota ndevu.
Ndoo kumi na nne, mkokoteni mmoja.
Wachuuzi wamenizoea. Zamani walinighania:

    Msomi wetu wa chuo, vitabu kavimaliza,
    leo kapata kituo, funza anawaliwaza!

Nilicheka nao. Mizani ilikuwa kamili,
sikuona la kusahihisha.

Ila si funza, Tunje. Ni mabuu ya inzi mweusi,
mwembamba kama nyigu, mpole, haumi,
hatui kwenye sahani ya mtu kwani hana mdomo wa kulia.
Ndani ya chandarua changu hapa Mishomoroni
huishi juma moja: apende, atage, afe.
Wenye njaa ni wanawe.
Hula maganda usiku na mchana, unawasikia,
kama mvua ndogo juu ya makuti,
hata wakanona mfano wa korosho mbichi.
Ndipo huwaanika juu ya bati.
Kuku wa Utange huijua pikipiki yetu kabla haijazimwa.

Usidhani nakuuzia asali.
Kundi la kwanza liliingiliwa na siafu usiku mmoja,
asubuhi nikakuta beseni safi kama la harusi.
La pili nilimkopesha bwana mmoja wa Mtwapa;
hadi leo simu yake haipatikani.
Mama hakusema nami siku tisa.
Bi Mwanasha, jirani, alinishtaki kwa ajili ya harufu,
nami nikajifunza kwa aibu: maranda mengi, maji kidogo.
Siku hizi huchukua mbolea kwangu
kwa mchicha wake wa kwenye magunia,
na nyongeza huidai kwa ukali ule ule.

Kazi mbi si mchezo mwema.
Tuliijaza methali hiyo kwenye mtihani,
tukapewa alama, tukaiacha darasani.

Sikuiti kushika jembe.
Jembe ninalo, limeegemea mlango.
Nyevu anaendesha pikipiki, Mbwana anashona mifuko,
na wote wawili hawajagusa udongo tangu Ramadhani.
Nakuita kwa sababu juzi wafugaji kumi na wawili
walikaa kwenye mkeka wangu wakauliza:
Kilo itatugharimu nini hadi Desemba?
Nami nikatazama dari.

Daftari langu lina madoa ya embe.
Mtaji na faida wamelala kitanda kimoja,
sijui yupi ni yupi.
Wewe ulisomea mambo haya. Wewe wajua ankara,
wajua kodi, wajua hasara ikijificha inajificha wapi.
Miaka mitatu unatafuta meza:
meza ipo, ya mbao za makasha,
mguu mmoja mfupi, nimeutilia kigae.

Mshahara? Nisikudanganye.
Thuluthi ya faida,
ukishaifukua hiyo faida mwenyewe mle daftarini.
Pengine utakuta haipo. Basi utaniambia mapema,
nami nitakuwa nimepata nilichokosa mwaka mzima.

Njoo Jumatano. Shati la Idi liache kwenye msumari.
Leta kalamu, tena mbili,
maana mimi zangu
huzipotezea kwenye maranda.